Breki za Land Rover Kuukuu

Gari lililolala miaka chini ya mwembe likiwaka kwa mara ya kwanza, watu hushangilia. Moshi unafuka, watoto wanakuja mbio, mwenye gari anaanza kuzungumzia rangi na viti. Fundi wa breki bado hana la kushangilia. Jana gari lile lilikuwa chuma kilichotulia, lisingeweza kumgonga mtu. Leo linaweza kwenda, na hakuna anayejua litasimamaje.

Fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa, na namsifu hasa kwa namna anavyoutafuta ugonjwa mpaka aupate kabla hajamtuma mtu dukani. Kubadilisha kila kitu kunawezekana kwa yeyote mwenye fedha na spana. Kujua ni kitu gani kimekufa, na kwa nini kimekufa, ni elimu nyingine.

Fundi huyo yuko Kiloleli, kata ya Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Kabla ya mwaka 2012, Simiyu ilipofanywa mkoa, huku kulikuwa Magu, Mwanza. Ni nchi ya pamba, mpunga na ng'ombe, na ukifika Lamadi, Serengeti inakaribia kabisa barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Nchi ya namna hii iliipa Land Rover kazi kwa miongo mingi. Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na hadi tunapata Uhuru lilikuwa limeshakuwa gari la bwana shamba, la bwana nyama, la misheni na la watu wa ushirika wa pamba, enzi za Victoria Federation ya akina Paul Bomani. Zilipochakaa zilibebeshwa mkaa, mahindi, wagonjwa na maharusi. Zilipokufa zilisukumwa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye viti. Sasa zimeanza kutazamwa upya. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao, mpya kwa kuukuu, na mtu mwenye gari la marehemu baba yake uani alipoona picha zile alianza kufikiria mambo.

Gari ninalolisimulia ni pikapu ya Series IIA, ile ndefu ya inchi 109. Fundi analifanyia kazi kivulini, kando ya ua wa minyaa, vifaa vyake vyote vimetandazwa kwenye turubai moja. Kabla hajafungua boneti anauliza maswali, na anauliza kwa utaratibu wa mganga anayejua kazi yake.

"Mzee, kabla halijasimama, ukikanyaga breki lilikuwa linavuta upande?"

"Kushoto. Ilibidi ushike usukani kwa nguvu."

"Lilianza ghafla au polepole?"

"Polepole. Tulizoea."

"Na nani aliongeza mafuta ya breki mara ya mwisho, akaongeza yapi?"

Hapo mzee ananyamaza. Ni swali ambalo wengi hawana jibu lake, na ndilo linaloamua gharama. Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, hayatokani na oili kama ya injini. Yametengenezwa kwa glaikoli. Raba zilizomo ndani ya masta silinda na silinda za magurudumuni zimeundwa kuishi ndani yake. Mtu akiishiwa njiani akamimina oili ya injini au ya usukani, raba hizo hufura, hulainika, na ndani ya siku chache mfumo mzima unakuwa umehukumiwa: raba zote zitolewe, mipira yote itupwe, paipu zioshwe kwa spiriti. Fundi hahitaji maabara kulijua hilo. Anachovya kijiti kwenye kopo la mafuta chini ya boneti, anadondosha matone ndani ya glasi ya maji, anasubiri. Oili ingeelea na kutanda utando wa rangi rangi. Matone yale yalizama, yakayeyuka, maji yakageuka rangi ya chai nyepesi. Glaikoli. Mzee akashusha pumzi.

Rangi ile ya chai, hata hivyo, si habari njema. Glaikoli hufyonza unyevu wa hewa, na gari lililosimama zaidi ya miaka kumi karibu na ziwa limefyonza vya kutosha. Maji yana madhara mawili. Yanakula chuma kutoka ndani, pale pale raba inapokaa, na yanashusha kiwango cha kuchemka. DOT 3 mpya lazima istahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikiloa inaruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 140. Mvuke unabanwa kama hewa inavyobanwa, na pedali inazama. Gari linaweza kuzunguka Kiloleli, Nyashimo na Lamadi mwaka mzima bila kuupata msiba huo, kwa kuwa nchi hii ni tambarare. Litaupata siku litakapopelekwa kuteremka ukingo wa Ngorongoro likiwa na mzigo.

Mfumo wenyewe si mgumu kuueleza. Pedali inasukuma pistoni ya masta silinda, mafuta yanakimbia kwenye paipu nyembamba, yanasukuma pistoni ndogo magurudumuni, nazo zinatanua shuu zigusane na dramu. Yote yanategemea kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba msukumo unaopewa kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande. Land Rover nyingi za umri huu zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Tone likipata pa kutokea kokote, breki zote zinaondoka pamoja.

Kisha pedali. Fundi anamkalisha kijana wake kwenye kiti, yeye anachuchumaa mlangoni, macho yakiwa usawa wa pedali, na hapo anakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Anataka ikanyagwe mara moja, iachiwe, ikanyagwe tena. Ikiwa mara ya kwanza inazama, mara ya pili inapanda kidogo, mara ya tatu inasimama juu ikiwa ngumu, upepo haumo. Shuu ziko mbali na dramu na zinahitaji kusetiwa. Ikiwa kila mara inadunda chini ya mguu, upepo umo, au kuna mpira uliozeeka unaofura kila mafuta yanapopita. Ikisimama juu, ngumu, lakini gari halishiki, tatizo liko kwenye shuu zenyewe: zimeng'aa, au zimelowa. Baada ya hapo ndipo anapotoa amri ambayo wasiojua huiona haina maana.

"Kanyaga taratibu, kwa uzito wa mguu tu. Usipampu. Shikilia."

Mguu unakaa. Fundi anatazama kama pedali inashuka taratibu pasipo mafuta kuonekana yakitoka popote. Ikishuka hivyo, raba ya ndani ya masta inayapitisha mafuta yarudi yalikotoka. Anataka mguu mwepesi kwa sababu raba iliyochoka mara nyingi hujibana vizuri ikikanyagwa kwa nguvu, na kuvujisha ikiguswa kidogo. Anayekanyaga kwa hasira huipa masta mbovu cheti cha uzima.

Pedali ya gari lile ilikuwa inazama karibu na sakafu na kudunda. Watu wengi wakifika hapa hununua masta silinda, na mara nyingine hubahatisha. Fundi huyu aliugawanya mfumo. Land Rover ina mipira mitatu inayopinda: mmoja kwa kila gurudumu la mbele, na mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Ana vaisi gripu tatu ambazo meno yake ameyafunika kwa vipande vya nondo laini alivyochomelea mwenyewe, ili zibane mpira bila kuujeruhi ndani. Aliibana yote mitatu. Pedali ikapanda juu na kuwa ngumu kama jiwe. Maana yake masta ni nzima, na paipu zote hadi kwenye mipira ni nzima. Kisha akaanza kufungulia mmoja mmoja, kama mkulima wa mpunga anayefungua majaruba yake kwa zamu aone maji yanapotelea lipi. Nyuma: pedali ilishuka kidogo, kiasi cha shuu kusafiri. Mbele kulia: vivyo hivyo, tena pungufu. Mbele kushoto: mguu ulizama mpaka chini.

Kabla ya kupandisha gurudumu alikwenda kuchukua mawe mawili makubwa akayatia kwenye matairi, mbele na nyuma, ingawa handibreki ilikuwa imevutwa na inashika vizuri. Hili nililipenda sana. Handibreki ya Land Rover hizi haipo magurudumuni. Ni dramu moja nyuma ya gia boksi, inayoshika propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke, na gari linaweza kutembea na handibreki yake imevutwa mpaka mwisho. Halafu handibreki hiyo haina uhusiano wowote na mafuta. Inaweza kulishika gari mlimani kikamilifu wakati breki za mguu hazipo kabisa. Mwenye gari anayepima breki zake kwa handibreki anajidanganya.

Dramu ya kushoto haikutoka kwa nyundo. Alirudisha kwanza ajasta nyuma ya gurudumu, kwa sababu dramu iliyolika huacha ukingo mdomoni, na ukingo huo hukamata shuu. Ilipolegea akaimwagia maji yenye sabuni kabla ya kuivuta. Lainingi za zamani, zile zinazofunika uso wa shuu, zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni haliishi madhara. Hapulizi kwa kompresa, hapigi dramu chini, na kijana wake anajua hivyo. Nimeona gereji kubwa zenye sakafu ya vigae ambako somo hili halijafika.

Ndani, gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili, kila moja ikisukuma shuu yake. Zimepangwa hivi kwamba gari likienda mbele, mzunguko wa dramu wenyewe huivuta shuu izidi kujibana, na hivyo mguu wa dereva unapata msaada wa bure. Likirudi nyuma msaada huo haupo, ndiyo maana Land Rover inayoteremka kinyumenyume humtisha mgeni. Fundi alitumia bisibisi butu kuinua kifuniko cha raba cha silinda ya juu. Tone jeusi likachuruzika likafuata ukingo wa bamba. Shuu ya juu ilikuwa imelowa. Ya chini ilikuwa kavu.

Hapo ugonjwa ulikuwa umeonekana, na mtu mwingine angefunga kazi: raba mpya, shuu mpya, kazi kwisha. Yeye aliendelea kuitazama ile shuu iliyolowa, kisha akamgeukia mzee.

"Ulisema lilivuta kushoto."

"Kushoto kabisa."

"Basi siyo hii."

Lainingi iliyolowa mafuta ya breki kwa kawaida huteleza. Gurudumu la kushoto likiteleza, la kulia ndilo linaloshika zaidi, na gari huvutwa kulia. Mzee alikumbuka kushoto, tena kwa miaka. Kwa hiyo liki ile ilikuja baadaye, gari likiwa limelala, na kulikuwa na ugonjwa wa zamani zaidi mahali pengine. Akafungua kulia, upande ambao kipimo chake cha kubana mipira kilikuwa kimeupitisha bila lawama. Silinda ya chini ilikuwa na pistoni iliyoganda kwa kutu. Haikusogea hata kwa patasi ya mti na nyundo ndogo. Miaka yote ile gurudumu la kulia lilikuwa linafanya kazi kwa shuu moja, na la kushoto kwa shuu mbili. Gari lingevuta wapi kama si kushoto? Pistoni iliyoganda haimezi mafuta wala haivujishi, kwa hiyo pedali haiisemi waziwazi. Ndiyo maana ilipofunguliwa zamu ya kulia pedali ilishuka pungufu kuliko ilivyostahili. Fundi alikuwa ameiona ile tofauti. Aliiweka kichwani mpaka ikapata mwenzake.

Kwangu mimi hicho ndicho kilele cha kazi yote. Dalili mbili zilikuwa kwenye gari moja, moja mpya na moja ya zamani, nayo mpya ilikuwa imejitangaza kwa sauti kubwa kiasi cha kuificha nyingine. Kilichomfikisha kwenye ile ya zamani ni neno moja la mwenye gari ambalo alikataa kulidharau.

Silinda zote alizifungua akaziosha kwa spiriti, akazifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, akaziinua zipate jua ndani. Mikwaruzo myepesi huondoka kwa msasa laini uliolowa, ukizungushwa na si kuvutwa mbele na nyuma. Shimo la kutu ni jambo lingine. Anapitisha ukucha, ukucha ukinasa, silinda haina maisha, kwa sababu raba mpya itapita juu ya shimo lile kila breki inapokanyagwa na litaikata. Ukucha ulinasa kwenye silinda tatu kati ya nne za mbele. Hapo ndipo mtu alipotumwa Mwanza, na orodha yake ilikuwa fupi.

Akampa huyo aliyetumwa nati moja ya paipu ya zamani mfukoni, na onyo. Nati nyingi za paipu za Land Rover hizi ni za inchi: tatu kwa nane, nyuzi 24 kwa kila inchi. Za Toyota ni milimita 10, hatua ya uzi milimita moja. Tatu kwa nane ya inchi ni milimita tisa na nusu, na hatua yake ni milimita moja na kidogo sana. Tofauti ni ndogo mno kwa jicho. Nati ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita, inazunguka vizuri, inakaza mwishoni, hata haivuji. Imeshikilia ncha za nyuzi tu. Siku mtu atakapokanyaga breki kwa nguvu zake zote, itachomoka, na siku hiyo ndiyo siku breki zinapohitajika. Ndiyo sababu spea inalinganishwa na ya zamani mkononi, haiagizwi kwa simu.

Mipira mitatu aliitupa, ingawa ilionekana mizima kwa nje. Mpira wa umri huo hufura ndani mpaka njia inakuwa uzi. Mguu wa binadamu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha, na gurudumu linabaki limebanwa na kupata moto. Mtu akiona dramu inachemka hulaumu springi au beringi. Fundi hufungua kidogo nipeli ya kutolea upepo: gurudumu likiendelea kubana, ugonjwa ni wa shuu, springi au pistoni, likiachia, mafuta yalikuwa yamefungiwa. Basi anafunga nipeli, breki inakanyagwa na kuachiwa tena, na safari hii analegeza nati ya paipu juu ya mpira. Likiachia hapo, aangalie masta. Lisipoachia, mpira ndio umeziba. Nati mbili zinamaliza ubishi wa wiki nzima.

Kutoa upepo kulikuwa jioni, jua likiwa limepungua. Ajasta zote zililegezwa ili springi zivute shuu na pistoni zirudi ndani, pasibaki nafasi kubwa ya hewa kujificha. Walianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Mrija wa plastiki ulitoka kwenye nipeli ukaingia kwenye chupa yenye mafuta safi, ncha yake ikiwa imezama, isije ikavuta hewa kurudi.

"Pampu. Pampu. Shikilia!"

"Nimeshika."

Nipeli ikafunguliwa, viputo vikapanda kwenye chupa, ikafungwa.

"Achia."

Ikaendelea hivyo mpaka viputo vikaisha, na wakaongeza mizunguko kadhaa baada ya kuisha, maana silinda ya juu ya mbele hupenda kubakiza kiputo kimoja mpaka mwisho. Mafuta yaliyotoka hayakurudishwa kwenye kopo, hata yale ya mwisho yaliyoonekana safi. Kisha ajasta: kila moja inakazwa mpaka gurudumu ligome kuzunguka, halafu inarudishwa kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kukwaruza. Mbele kila shuu ina ajasta yake, na kila moja inapimwa peke yake.

Majaribio yalifanyika kwenye barabara ya vumbi, asubuhi, kabla ng'ombe hawajapita. Mwendo mdogo, mikono imeshika usukani kwa wepesi, breki kwa nguvu mara moja. Fundi hakumuuliza dereva gari lilivuta wapi. Alishuka akarudi nyuma kwa miguu akasoma ardhi. Michirizi ya matairi ilikuwa wazi kwenye vumbi, na wa mbele kulia ulianza hatua moja nyuma ya wa kushoto, maana yake uliwahi kushika. Akalala chini ya gari, akarudisha ajasta moja nyuzi chache, wakarudia kwenye kipande kingine cha barabara. Safari ya tatu michirizi miwili ya mbele ilianza pamoja.

Alipomkabidhi mzee ufunguo alimwambia asivuke Nyashimo kwa wiki ya kwanza, na mwisho wa wiki alirudishe gari. Lainingi mpya hazijalingana na dramu, zinagusa kwa sehemu tu. Zikishakaa, pedali itashuka kidogo na ajasta zitahitaji kukazwa tena. Hilo ni la kawaida. Lakini kwenye breki za dramu springi huzirudisha pistoni nyumbani kila mara, kwa hiyo mafuta kwenye kopo hayana sababu ya kupungua.

"Ukiona yamepungua, mzee, usiongeze. Niite."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukiongeza utanifichia."